Gunia linapowekwa kwenye mkokoteni unaotembea: nitumie momenta au nishati?

Mtahiniwa wa Kujitegemea, Mbagala

Habari za jioni wanajukwaa, na kwa walimu mliomo humu, shikamooni. Ninajiandaa kwa mtihani wa kidato cha sita nikiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Mchana niko kazini Kariakoo na daftari ninalishika usiku, kwa hiyo ninapokwama mara nyingi sina wa kumuuliza papo hapo. Naomba msaada wenu katika mada ya momenta, yaani tungamo la kitu mara kasi yake kwa kuzingatia mwelekeo.

Swali lenyewe ni hili. Mkokoteni wa kilogramu 60 unatembea kwenye sakafu tambarare kwa kasi ya mita 3 kwa sekunde, na msuguano wa magurudumu unapuuzwa. Gunia la mchele la kilogramu 30 linashushwa taratibu kutoka juu na kukaa kwenye mkokoteni huo bila kishindo. Tafuta kasi ya mkokoteni na gunia vikiwa vinatembea pamoja.

Kwa momenta nimeandika 60 × 3 = 90 × v, nikapata v = 2 m/s. Kwa nishati ya mwendo nimeandika ½ × 60 × 3² = ½ × 90 × v², yaani 270 = 45v², nikapata v = 2.45 m/s hivi. Jibu la kitabu ni 2 m/s, lakini kitabu hakielezi kwa nini njia ya pili imekataliwa. Tumefundishwa kwamba nishati haipotei. Sakafu haina msuguano, hakuna aliyeushika mkokoteni wala kuuvuta nyuma, na bado hesabu inaonyesha kwamba kati ya jouli 270 za mwanzo zimebaki 180 tu. Jouli 90 zimekwenda wapi?

Mwenzangu ninayesoma naye naye ana swali lake. Risasi ya gramu 10 inapigwa kwenye kipande cha mbao cha kilogramu 1.99 kinachoning'inia kwa nyuzi, inazama humo, na mbao inapanda sentimita 5. Tafuta kasi ya risasi, ukichukua mchapuko wa mvutano wa dunia, g, kuwa 10. Yeye ameilinganisha nishati ya risasi na nishati ya mbao ilipofika juu, akapata kama 14 m/s. Jibu la kitabu ni 200 m/s. Tofauti hiyo ni kubwa mno kuitwa kosa dogo la hesabu.

La mwisho ni la mtu wa kilogramu 50 anayeruka kutoka kwenye mtumbwi wa kilogramu 100 uliotulia, akiondoka kwa 2 m/s. Mtumbwi unarudi nyuma kwa 1 m/s, hilo nimelipata. Lakini hapa nishati ya mwendo imeongezeka kutoka sifuri, ilhali kwenye gunia imepungua. Naomba mnieleweshe ni lini nitumie kanuni ipi, kwa maana kukariri majibu hakutanisaidia nikikutana na swali jipya.

---

Mwalimu wa Fizikia, Ubungo

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kazi. Umefanya vizuri kuleta hesabu zako zote mbili, maana ndani ya hizo namba 270 na 180 mna somo zima.

Kabla hujaandika mlinganyo wowote, amua kwanza ni vitu gani viko ndani ya mfumo wako, kisha amua unauangalia mfumo huo kuanzia wakati gani hadi wakati gani. Wanafunzi wengi hurukia fomula kabla ya kuamua mambo haya mawili, na hapo ndipo wanapopotea. Ukishayaamua, jiulize kama kuna kani inayotoka nje ya mfumo ikiusukuma au kuuvuta katika ule mwelekeo unaoupigia hesabu. Kama haipo, momenta ya mfumo mzima katika mwelekeo huo haibadiliki, hata kama vitu vilivyomo ndani vinagongana, vinasuguana, vinavunjika au vinagandana. Sababu ni kanuni ya tatu ya Newton: kila kani ambayo gunia linautolea mkokoteni, mkokoteni nao unalirudishia gunia kani iliyo sawa nayo na yenye mwelekeo wa kinyume, kwa muda ule ule. Kinachopungua upande mmoja kinaongezeka upande wa pili, na jumla inabaki palepale.

Katika swali lako mfumo ni mkokoteni pamoja na gunia, na mwelekeo ni wa mlalo. Sakafu inausukuma mkokoteni kwenda juu, na dunia inavivuta vyote viwili kwenda chini, lakini hakuna kani ya nje ya mlalo. Kwa hiyo momenta ya mlalo imehifadhiwa na jibu ni 2 m/s. Hata gunia lingeangushwa kutoka kimo cha mita nzima, momenta yake ya wima ingeishia sakafuni kupitia magurudumu, na hesabu ya mlalo ingebaki vilevile.

Sasa tuzifuate jouli 90, maana hili ndilo vitabu vinalipita haraka mno. Gunia linapogusa mbao za mkokoteni, lenyewe halina mwendo wowote wa mlalo, ilhali mkokoteni chini yake unakwenda kwa 3 m/s. Ukiwa karibu utaona kitako cha gunia kikiteleza kuelekea nyuma ya mkokoteni, nyuzi za gunia zikikwaruza mbao na mchele ukijipanga upya ndani. Sakafu haina msuguano, ni kweli, lakini kati ya gunia na mkokoteni msuguano upo, na usingekuwapo gunia lingebaki nyuma na kuanguka.

Tuseme msuguano huo ni nyutoni 150. Gunia la kilogramu 30 litapata mchapuko, yaani ongezeko la kasi kwa kila sekunde, wa mita 5 kwa sekunde kwa sekunde kwenda mbele, na mkokoteni wa kilogramu 60 utapunguza mwendo kwa mita 2.5 kwa sekunde kwa sekunde. Baada ya sekunde 0.4 gunia limefikia 2 m/s, na mkokoteni umeshuka kutoka 3 hadi 2 m/s. Kasi zimelingana na kuteleza kumekwisha. Katika muda huo mkokoteni umekwenda mita 1.0 na gunia limekwenda mita 0.4, kwa hiyo gunia limeteleza mita 0.6 juu ya mbao. Zidisha kani kwa umbali wa kuteleza: 150 × 0.6 = 90. Hizo ndizo jouli zako. Nyingi zimekuwa joto kwenye mbao na kwenye gunia, na kidogo zimekwenda na sauti.

Rudia hesabu hiyo kwa msuguano wa nyutoni 300. Muda utakuwa sekunde 0.2, gunia litateleza mita 0.3, na 300 × 0.3 itakupa 90 ileile. Mbao ziwe laini au zikwaruze, joto litakalotokea ni lilelile, kwa sababu kiasi chake kimeshaamuliwa na momenta: mkokoteni na gunia havina njia ya kutembea kwa kasi moja pasipo jouli 90 kuacha kuwa nishati ya mwendo. Kwa hiyo nishati kwa ujumla haijapotea, kama ulivyofundishwa. Mlinganyo wako wa pili umeanguka kwa sababu ulidai nishati *ya mwendo* peke yake ihifadhiwe, na hilo halikuahidiwa na kanuni yoyote.

Kwa mtu wa mtumbwini mambo yanakwenda upande mwingine. Momenta ilikuwa sifuri na imebaki sifuri: 50 × 2 upande mmoja, 100 × 1 upande wa pili. Nishati ya mwendo imetoka sifuri hadi jouli 100 za mtu na jouli 50 za mtumbwi, na hizo 150 zimetoka kwenye misuli ya miguu yake, ambayo nayo imezipata kwenye chakula. Mizani ya momenta haioni nishati hiyo hata kidogo. Ndiyo sababu inatufaa sana pale ambapo hatujui lolote kuhusu joto, misuli au baruti.

Swali la risasi ninamwachia mwingine, maana lina sehemu mbili na linastahili nafasi yake.

---

Mhandisi, Kurasini

Nikiendelea pale alipoishia Mwalimu, swali la risasi na mbao lina historia ndefu. Mwaka 1742 Mwingereza Benjamin Robins alichapisha maelezo ya namna ya kupima kasi ya risasi kwa kuipiga kwenye mbao nzito inayoning'inia na kuangalia mbao inabembea umbali gani. Kwa vifaa vya wakati ule hapakuwa na saa ya kupima kitu kinachokwenda mamia ya mita kwa sekunde, lakini mtu yeyote angeweza kupima mbao imebembea kiasi gani. Swali la mwenzako ni kifaa hichohicho kwenye karatasi.

Siri yake ni kwamba tukio linaloonekana moja lina vipindi viwili, na kila kipindi kina kanuni yake. Kipindi cha kwanza ni risasi kuzama kwenye mbao. Tuseme inazama sentimita 5; kwa kuwa inatoka 200 m/s hadi karibu na kusimama, wastani wa kasi yake humo ni kama 100 m/s, na muda wa kuzama ni kama sekunde 0.0005. Katika muda huo mbao yenyewe imesogea chini ya milimita moja. Nyuzi bado ziko wima, kwa hiyo hazina sehemu ya mlalo ya kuivuta mbao nyuma, na momenta ya mlalo imehifadhiwa. Nishati ya mwendo je? Kani kati ya risasi na mbao ni wastani wa nyutoni 4,000 hivi, ikifanya kazi katika sentimita 5, na 4,000 × 0.05 ni jouli 200. Karibu nishati yote ya risasi imeishia kwenye kupasua mbao, kuipinda risasi na kuvipasha joto.

Kipindi cha pili ni mbao kupanda, risasi ikiwa ndani. Hapa mambo yanageuka kabisa. Kama nyuzi zina urefu wa mita moja, kupanda huko kunachukua kama nusu sekunde, muda ambao ni mara elfu moja ya ule wa kwanza. Nyuzi sasa zinainama na kuivuta mbao nyuma, kwa hiyo momenta inapungua hadi sifuri pale juu, na ukiitumia kanuni ya momenta hapa utapata upuuzi. Lakini kani ya nyuzi daima iko kwenye pembe mraba na njia ya mbao, haifanyi kazi yoyote, na hakuna kinachokwaruzana. Kwa hiyo sasa nishati ya mwendo na ya kimo ndizo zinazohifadhiwa.

Anza hesabu kutoka mwisho. Kimo cha mita 0.05 na g = 10 vinatupa ½V² = 10 × 0.05, yaani V = 1 m/s. Hiyo ni kasi ya mbao mara tu risasi ilipotulia ndani yake. Kisha rudi kwenye mgongano: 0.010 × v = 2.00 × 1, na v = 200 m/s.

Angalia pia nishati ilivyogawanyika. Risasi ilikuja na jouli 200. Mbao na risasi vikaondoka na jouli moja tu, sawa na sehemu moja kati ya mia mbili, ambao ndio uwiano wa tungamo la risasi kwa tungamo lote. Mwenzako aliichukua jouli hiyo moja iliyopanda na mbao akaihesabu kuwa ndiyo yote iliyokuja na risasi, na ndiyo maana kasi yake imekuwa ndogo kiasi kile.

Kwa hiyo unapoona swali lenye mgongano na kisha kitu kupanda, kuteleza au kubana springi, chora mstari kwenye karatasi kati ya mgongano na kile kinachofuata. Mimi huwaambia vijana wanaokuja kwangu kwa mafunzo ya vitendo waandike kasi ya katikati kwa herufi kubwa, V, ili wasiichanganye na kasi ya mwanzo. Ni jambo dogo, lakini limewaokoa wengi.

---

Fundi wa Magari, Tandika

Mwalimu na Mhandisi, nimewafuatilia kwa makini na ninawashukuru. Nina dukuduku moja. Mifano yote hii inataka sakafu isiyo na msuguano, na mimi katika maisha yangu ya gereji sijawahi kuiona sakafu hiyo. Gari likigonga jingine kwenye foleni, matairi yako barabarani, mengine yamefungwa breki, mabodi yanasagana. Ina maana kanuni hii haina kazi huko nje ya darasa? Na kama inayo, mtu anajuaje kwamba msuguano ni mdogo kiasi cha kuupuuza?

---

Mhandisi, Kurasini

Kaka, hilo ndilo swali ambalo kila mwanafunzi alipaswa kuuliza. Kanuni haikutaki uwe na sakafu isiyo na msuguano. Inataka kani ya nje, ukiizidisha kwa muda wa mgongano, iwe ndogo ukiilinganisha na momenta unayoshughulika nayo. Hilo unaweza kulipima kwa namba, usibaki kukisia.

Chukua gari la kilogramu 1,000 linalokwenda 10 m/s, yaani kilomita 36 kwa saa. Momenta yake ni 10,000. Mgongano wa magari huchukua kama sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kama matairi yanazunguka bila breki, ukinzani wake barabarani ni kama nyutoni 150, na 150 × 0.1 ni 15. Kumi na tano kwa elfu kumi ni kitu cha kupuuza bila wasiwasi. Kama breki zimefungwa kabisa, msuguano unaweza kufika nyutoni 8,000, na katika muda uleule unaondoa 800, ambayo ni asilimia 8. Hapo unaweza bado kukadiria, lakini lazima useme kwamba jibu lako lina wasiwasi wa kiasi hicho, na kuandika tarakimu nne baada ya nukta itakuwa kujidanganya.

Ndivyo kazi inavyofanyika kwenye ajali halisi. Tuseme gari hilo limegonga jingine la uzito uleule lililosimama, yakang'ang'aniana, na alama za matairi zinaonyesha kwamba yameburuzika pamoja mita 2.5 kabla ya kusimama. Kama uwiano wa msuguano wa matairi na lami kwa uzito wa magari ni 0.5, mchapuko wa kupunguza mwendo ni mita 5 kwa sekunde kwa sekunde, na kutoka V² = 2 × 5 × 2.5 tunapata V = 5 m/s. Hiki ni kipindi cha pili, ambapo msuguano ndio kila kitu. Kisha unarudi kwenye mgongano: 1,000 × v = 2,000 × 5, na gari lililogonga lilikuwa na 10 m/s au zaidi kidogo. Dereva anaweza kusema alikuwa anatambaa tu, lakini alama za lami zina maelezo yao.

Na zile bodi zinazosagana ulizozitaja hazituharibii kitu. Ni kani za ndani ya mfumo. Zinakula nishati nyingi, nusu nzima katika mfano huu, lakini hazigusi jumla ya momenta hata chembe.

---

Fundi wa Magari, Tandika

Nimeelewa sasa, na hasa hapo kwenye muda wa mgongano. Nilikuwa nikiangalia ukubwa wa kani peke yake. Ahsante sana, Mhandisi.

---

Mtahiniwa wa Kujitegemea, Mbagala

Ninawashukuru wote kutoka moyoni. Nimekaa na hesabu ya gunia hadi nikaipata kwa nyutoni 100 pia: sekunde 0.6, kuteleza mita 0.9, jouli 90.

Naomba niongeze mawili. La kwanza: mkokoteni wa kilogramu 60 umebeba mchanga wa kilogramu 30 na unatembea kwa 2 m/s bila msuguano wa magurudumu. Kuna tundu chini na mchanga wote unavuja hadi unaisha. Nikiandika 180 = 60 × v ninapata 3 m/s, lakini moyo wangu unakataa. Kuvuja kutausukumaje mkokoteni?

La pili ni alama za kutoa. Gololi mbili zinapokutana uso kwa uso, ninachanganyikiwa ni ipi niipe alama ya kutoa, na pia tunapata kasi mbili zisizojulikana kwa mlinganyo mmoja.

---

Mwanafunzi wa Uhandisi, Mlimani

Kaka, naomba nijaribu kujibu, na walimu watanirekebisha.

Kuhusu mchanga, uko sahihi kukataa 3 m/s. Mchanga unapotoka kwenye tundu, bado una mwendo wa mlalo wa 2 m/s uliokuwa nao ndani ya mkokoteni, kwa sababu hakuna aliyeusukuma nyuma. Kilogramu 30 zinaondoka na momenta ya 60, mkokoteni unabaki na 120, na 120 ukigawanya kwa 60 ni 2 m/s. Kasi haibadiliki. Mchanga ukifika chini, ardhi inauondolea momenta yake, lakini wakati huo hauugusi tena mkokoteni. Mlinganyo wako wa 180 = 60 × v unadai kwamba mchanga umeondoka bila momenta yoyote. Hilo linawezekana, ila ni swali tofauti: mtu aliyepanda juu awe anaurusha mchanga kuelekea nyuma kwa kipimo kitakachoufanya udondoke wima kabisa machoni pa mtu aliyesimama kando ya njia. Hapo mkokoteni ungefika 3 m/s, na mikono ya mrushaji ndiyo ingelipia ongezeko la nishati.

Kuhusu alama, chagua upande mmoja wa barabara uwe chanya, uandike kwenye mchoro kwa mshale, kisha usibadilishe hadi swali liishe. Huna haja ya kujua mapema kitu kitarudi upande gani. Jibu likitoka na alama ya kutoa, limekwambia lenyewe. Usione haya kwa kuchanganyikiwa hapa. Mwanafalsafa Mfaransa Descartes, katika kitabu alichochapisha mwaka 1644, aliamini kwamba kinachohifadhiwa ni ukubwa wa kitu mara kasi yake bila kujali mwelekeo, na kanuni zake za migongano zikatoa matokeo yasiyolingana na hali halisi. Ilikuwa mwishoni mwa 1668 na mwanzoni mwa 1669 ndipo wataalamu Wallis, Wren na Huygens walipopeleka Royal Society ya London, jumuiya ya wanasayansi, kanuni zinazozingatia mwelekeo.

Mfano: kitu cha kilogramu 0.3 kinakwenda kulia kwa 4 m/s, na cha kilogramu 0.1 kinakuja kushoto kwa 2 m/s. Momenta ni 0.3 × 4 − 0.1 × 2 = 1.0. Ukisahau alama utapata 1.4, na kila kitakachofuata kitakuwa kibovu. Kama mgongano ni nyumbufu, yaani nishati ya mwendo baada yake ni sawa na ya kabla, mlinganyo wa pili upo, na hauhitaji miraba: kasi ya kuachana ni sawa na kasi ya kukaribiana. Vilikaribiana kwa 6 m/s, basi v₂ − v₁ = 6. Weka kwenye wa kwanza: 0.3v₁ + 0.1(v₁ + 6) = 1.0, na v₁ = 1, v₂ = 7. Hakiki: kabla ni jouli 2.4 + 0.2, baada ni 0.15 + 2.45, zote 2.6. Kama mgongano si nyumbufu na vitu havikugandana, lazima swali likupe taarifa nyingine, vinginevyo halijibiki.

Nikuongezee jambo kuhusu gololi zenyewe, kwa kuwa umezitaja. Kitabu kitakwambia kwamba gololi inayogonga nyingine iliyotulia ya uzito uleule, moja kwa moja, inasimama na ile ya pili inaondoka na kasi yote. Ukiijaribu kwenye sakafu ya saruji utaona iliyogonga inasita kidogo, kisha inajivuta mbele polepole. Kanuni haijavunjika. Gololi inayoviringika ina mzunguko pia, na mgongano wa haraka kati ya vioo viwili vilivyo laini unahamisha mwendo wa mbele lakini hauhamishi mzunguko. Iliyogonga inabaki inazunguka palepale, sakafu inaushika mzunguko huo na kuisukuma mbele. Iliyogongwa inaanza kwa kuteleza bila kuzunguka, na sakafu inaishika nyuma hadi ianze kuviringika. Ukipiga hesabu, iliyogonga inaishia na sehemu 2 kati ya 7 za kasi ya mwanzo, na ya pili inabaki na sehemu 5 kati ya 7. Ikiwa ya kwanza ilikuja kwa sentimita 70 kwa sekunde, mwishowe zitakwenda kwa 20 na 50. Misukumo miwili ya sakafu iko sawa na ina mielekeo kinyume, kwa hiyo jumla imebaki 70.

Kwenye mtihani, swali likisema vitu vinateleza au likinyamaza kuhusu kuviringika, usiingize mzunguko. Andika kwamba umeupuuza, kisha uendelee na milinganyo yako miwili.